Fungu la Jicho

Kila Ijumaa asubuhi Bi Mahbuba huketi jikoni kwenye kiti cha plastiki, sinia la mchele mapajani, akichambua. Mchele wenyewe hauna hata jiwe moja. Unanunuliwa kwenye mfuko wa zipu, umeshapitishwa mashine mara tatu. Lakini yeye huuchambua hivyo hivyo, na huku vidole vikienda humwagiza Anjelina kimoja kimoja: vitunguu, mtindi, zafarani irowekwe. Nyumba nzima, pale Al Khoudh, Maskati, inajua kuwa huo si wakati wa kumletea mambo mazito.

Ijumaa hii walikuwa wanangojewa wageni. Marhoon, mfanyabiashara mwenye shamba la mbuzi Barka, alikuwa anakuja na mwanawe Loai kupanga siku ya nikaha. Loai alikuwa amemposa Balqis, binti pekee wa Bi Mahbuba. Nyama ya kupikwa Marhoon aliitoa mwenyewe siku mbili kabla. Alimpa Khattab, kaka yake Balqis, aipeleke nyumbani.

"Anjelina, hebu nipe yule paa."

Anjelina aliinua macho kutazama dari. "Paa limefanya nini, Mama? Linavuja?"

Bi Mahbuba akaangua kicheko mpaka mchele ukatikisika. "Mvua iko wapi Maskati hii hata livuje? Si paa la nyumba, mwanangu! Paa, mnyama wa porini. Yumo kwenye friza, mfuko mweusi."

"Ah! Swala."

"Swala naisali mie. Huyu ni paa."

Anjelina naye akacheka. Alikuwa mtu wa Bukoba, mwaka wa tatu sasa katika nyumba hii, na bado kila wiki hakukosa neno la kugombania na Bi Mahbuba. Akatoa mfuko, akauweka kwenye beseni. Lilikuwa paja zima, jembamba, na kwato ndogo nyeusi ilikuwa bado iko mwishoni mwa mguu. Akawa analitazama paja hilo, simu yake ikalia.

"Godfrey? Mbona asubuhi hivi?"

Godfrey alikuwa anaishi chumba kimoja na Justus, kaka yake Anjelina, huko shambani kwa Marhoon. Alisema kwa sauti ya mtu aliyejificha nyuma ya kitu.

"Dada Anje, kaa kwanza. Justus yuko ndani tangu Jumanne. Bosi alituambia tufunge midomo, atalimaliza mwenyewe. Lakini mimi naona halimaliziki."

"Ndani wapi? Kafanya nini?"

"Alikuwa anaendesha pikapu ya bosi kutoka mlimani. Polisi wamemsimamisha, wakakuta kichwa cha swala na damu; nyama ilishatangulia na gari la bosi. Kuwinda swala huku ni jela, unajua. Jana nilimpelekea nguo. Wanasema amekiri mwenyewe, ameweka dole gumba. Jumapili anapelekwa mahakamani. Akitoka huko ni kifungo, halafu ndege ya nyumbani."

Anjelina aliitoa simu sikioni polepole. Hakulia. Aliitazama ile kwato kwenye beseni, kisha akamtazama Bi Mahbuba, ambaye alikuwa amesikia yote na vidole vyake vilikuwa vimesimama ndani ya mchele.

"Mama," alisema Anjelina, "hii nyama ilitoka wapi?"

*

Khattab alikuwa chumbani kwake, sakafuni, katikati ya betri nne zinazochajiwa. Alikuwa akirusha droni kwa kampuni moja ya upimaji. Kamera yake huona joto, na kwa hiyo hugundua penye hitilafu kwenye nyaya za umeme bila mtu kupanda nguzo. Droni ilikuwa mali ya kampuni, na kila aliyeichukua ilimpasa aandike amekwenda nayo wapi. Jumanne alikuwa ameandika: mazoezi.

Bi Mahbuba alisimama mlangoni na mikono yenye vumbi la mchele.

"Khattab. Yule paa nani kamwona?"

Khattab alikuwa amejiandaa kuulizwa nani kampiga. "Ami Marhoon ndiye aliyepiga, mama."

"Sikukuuliza hayo. Nakuuliza nani kamwona mwanzo."

Khattab alichomoa betri moja, akairudisha pale pale.

"Mie narusha tu, mama. Bunduki sikushika hata kwa kidole."

"Baba yangu alikuwa msasi, Makunduchi," alisema Bi Mahbuba. "Nilikuwa mdogo, lakini ugawaji naukumbuka, kwa sababu sisi watoto tulikuwa tunaukodolea macho. Paja la kulia hapewi aliyepiga. Hupewa aliyemwona mnyama mwanzo. Wakiliita fungu la jicho. Wakisema huyo ndiye aliyeanza. Nawe Jumatano umeniletea paja la kulia."

"Ami Marhoon hayajui hayo. Alikata tu akanipa."

"Yeye hajui. Mie nnajua. Haya, nieleze."

Akaeleza, macho yake kwenye taa ndogo za betri. Ilikuwa alfajiri, mawe bado ya baridi. Kwenye skrini mlima wote ulikuwa mweusi, na chenye uhai kilikuwa cheupe. Paa alikuwa amelala chini ya mgunga, nyuma ya jabali, mahali ambapo mtu angepita hatua kumi asimwone. Droni ilikuwa juu sana, hakuisikia. Khattab akawaelekeza kwa simu: kulia, mbele kidogo, sasa.

"Hakukimbia?"

"Hakujua kama kaonekana."

"Baba yangu siku nyingi alirudi mikono mitupu," alisema Bi Mahbuba. "Paa alikuwa na masikio, ana pua, ana miguu. Alikuwa na lake la kufanya. Huyu wako alikuwa na nini?"

Balqis alitokea nyuma yake, taulo kichwani, hina ya jana ikiwa nyekundu mikononi. Alikuwa amesikia ya kutosha.

"Mama, leo? Wallahi leo? Watu wanafika saa saba!"

"Kaka yake Anjelina yuko ndani, Balqis."

"Najua! Nimesikia. Roho inaniuma, si kama hainiumi." Akamgeukia Khattab. "Lakini ukisema utafukuzwa kazi, na utafungwa wewe, na baba yake Loai atafungwa. Mie nitaolewa na nani, na ukuta? Ngoja wapange siku, kaka. Leo tu. Kesho nenda kaseme unachotaka."

"Sijasema kama nasema," alijibu Khattab.

"Basi vizuri," alisema Balqis. Lakini hakuondoka pale mlangoni.

*

Saa nne Khattab alishuka jikoni na noti ya riali ishirini ameikunja kiganjani. Anjelina alikuwa anakata vitunguu. Paja lilikuwa bado kwenye beseni, halijaguswa.

"Anjelina, chukua hii. Umpelekee Justus chakula kizuri."

Hakuichukua. Khattab akaiweka mezani, karibu na mkebe wa chumvi, ikawa inafunguka yenyewe taratibu.

"Kaka Khattab, Justus anajua kurusha hiyo ndege yako?"

"Hajui."

"Bunduki anayo?"

"Hana."

"Sasa aliwindaje? Alimshika mkia?"

Khattab alisema tu kwamba ami Marhoon ni mtu mkubwa, anajuana na watu, atalimaliza. Anjelina akaendelea kukata, kisu kikigonga ubao kwa nguvu zaidi kidogo kuliko ilivyohitajika.

"Kinachonishangaza ni hiki kukiri," alisema. "Justus ninavyomjua, ukimsingizia hata sahani ya ugali anakataa mpaka usiku. Vipi akiri?"

Akampigia Godfrey, akaiweka simu juu ya meza ili mikono iendelee. Bi Mahbuba alikuwa kwenye kiti chake.

"Godfrey, hebu niambie neno kwa neno. Nani alimuuliza, na alimuuliza nini?"

"Mkalimani wa polisi ni kijana wa kwao huku, anaitwa Yaqdhan. Anaongea Kiswahili kama huyo mama yako, kile cha Unguja. Justus mwenyewe kaniambia. Aliulizwa, paa kwenye gari umebeba wewe? Justus akasema ndiyo, paa nimebeba mimi."

"Paa?"

"Si tunaezeka banda la mbuzi? Jumatatu alikwenda Hamriya kuchukua mabati kwa pikapu ile ile. Akaulizwa, nani alikusaidia? Akasema nilikuwa peke yangu. Akaulizwa, umekata wewe? Akasema nimekata mimi, kwa msumeno. Vipande viko wapi? Vingine viko shambani, vingine tumevitupa. Mimi nilimwambia, wewe Justus, mbona hukusema habari ya swala? Akasema alikuwa anangoja wamuulize swala. Hawakumuuliza."

Hakuna aliyecheka. Asubuhi neno hilo hilo lilikuwa limewachekesha wote wawili, pale pale. Bi Mahbuba alitia mkono mdomoni, akaacha alama ya vumbi jeupe.

"Ya Rabbi. Mtoto wa watu kafungwa na mdomo wetu."

Anjelina alizima simu. Alifuta mikono kwenye aproni, kidole kimoja kimoja.

"Mama, kuku nitapika, samaki nitapika, hata ngamia nitapika. Hiyo siwezi."

"Wala sitokulazimisha. Nitampika mie." Kisha, bila kumtazama mwanawe: "Yaqdhan huyu si yule mliyesoma naye? Aliyekuwa akija hapa kula mikate ya kumimina?"

"Ndiye."

"Basi namba yake unayo."

"Baada ya wageni, mama," alisema Khattab.

Alirudi juu. Kwenye simu kulikuwa na ujumbe wa Marhoon: *Ile picha umefuta?* Akaandika *Nimefuta*, na papo hapo akaifungua ile video ya droni.

Alikuwa ameitazama mara nyingi tangu Jumanne, na kila mara aliizuia mahali pale pale. Safari hii aliiacha iende. Doa jeupe chini ya mgunga. Ubavuni mwake, doa jingine, dogo mno, la ukubwa wa punje. Marhoon aliuliza kwenye simu, "Wangapi?" na sauti ya Khattab ikajibu, "Yuko mmoja." Alikuwa amejiambia kwamba alisema vile ili kukiokoa kile kidogo. Lakini angeweza kusema ana mtoto. Angeweza kusema hapana kitu, tugeuke.

Doa kubwa liliruka, likaanguka, likaanza kuwa la kijivu. Lile dogo halikusogea. Mtoto wa paa hulala kimya mamake anapomlaza, ndivyo anavyookoka na mbweha, na tai, na mbwa. Alilala hivyo mpaka wanaume wakaja wakamburuta mama, wakaondoka, na alikuwa amelala hivyo hivyo, mweupe peke yake katika mlima mweusi, betri ilipokwisha na droni ikageuka kurudi yenyewe.

*

Marhoon alikuwa mtu mchangamfu, mwenye kilemba kilichofungwa vizuri na sauti ya kujaza majlisi nzima ya wageni. Aliketi kwenye sufra iliyotandikwa chakula, Loai kulia kwake, akavuta pumzi.

"Mashallah, Bi Mahbuba! Harufu nimeipata tangu getini. Loai, unaona? Nyumba unayooa si ya makopo."

Loai alitabasamu kwa haya. Alikuwa kijana mpole, na tangu aingie alikuwa ametazama mara tatu mlango wa jikoni, ambao ulikuwa umeachwa wazi kwa upana wa kiganja. Nyuma ya upenyo huo kulikuwa na Balqis.

Wakaanza kula. Bi Mahbuba hakula. Aliketi pembeni, mikono mapajani. Marhoon alisema nikaha iwe mwezi ujao, ukumbi amekwisha kuuona, wala hataki Bi Mahbuba ahangaike kwa lolote. Kisha akampiga Khattab begani.

"Na huyu ndiye jicho langu! Wiki ijayo tunapanda juu zaidi, kuna mbuzi mwitu nimeambiwa. Babu zetu walikuwa na mbwa wao wa saluki. Mbwa ana pua, sisi tuna kamera. Tofauti ni kwamba kamera haili!" Akacheka peke yake.

"Mbwa huchoka," alisema Bi Mahbuba.

"Ndiyo maana twashukuru maendeleo, Bi Mahbuba."

"Na yule kijana wako wa shamba, naye anashukuru?"

Marhoon alichukua tonge, akalitafuna mpaka likaisha. "Habari zinapaa, eh? Yule kakiri mwenyewe. Nikisimama kumtetea wataniuliza nimejuaje. Tiketi nitamkatia, na mshahara wa miezi miwili juu. Kwao hizo ni pesa. Atajenga."

Anjelina aliingia wakati huo na birika na beseni la kunawia. Alisimama. Marhoon alinyoosha mkono bila kumtazama usoni, akangoja maji. Maji hayakuja.

"Binti, mimina."

"Huyu ni dada yake," alisema Bi Mahbuba.

Mkono wa Marhoon ulibaki hewani juu ya beseni, mafuta yaking'aa kwenye vidole. Kisha sauti yake ikarudi, ndogo kidogo. "Basi vizuri. Atampelekea salamu zangu. Mwambie asiwe na wasiwasi."

Anjelina akamimina. Maji yalianguka mkononi mwa Marhoon, mengi, mpaka yakajaza beseni na kurukia kandokando ya sufra, na hakuna aliyemwambia basi.

Bi Mahbuba alijisogeza mbele. Katikati ya sinia, juu ya pilau, paja lilikuwa bado zima. Alikuwa amelipika bila kulikata. Akalichukua kwa mikono miwili, akaliweka mbele ya Khattab.

"Hili lako."

"Lote hilo apewe yeye?" Marhoon alijaribu kucheka. "Bi Mahbuba, wapendelea mtoto!"

"Kwa baba yangu huitwa fungu la jicho. Si langu wala si lako, Marhoon. Kula, Khattab. Mbele ya dada wa watu, kula."

Khattab aliunyoosha mkono. Nyama ilikuwa laini, iliachana na mfupa yenyewe. Aliishika, akaifikisha karibu na mdomo. Akairudisha kwenye sahani.

Alitazama upenyo wa mlango. Asubuhi Balqis alikuwa amemwambia leo tu, kesho kaseme. Sasa uso wake ulikuwa umelowa, na wanja umeshuka mpaka shavuni. Alimtazama kaka yake kwa muda mrefu. Hakutikisa kichwa kukataza. Aliusukuma tu mlango ukafunguka wote, akasimama pale waziwazi mbele ya wageni, bila hata kuuvuta mtandio vizuri.

Mkono wa kulia wa Khattab ulikuwa na wali na mafuta. Aliitoa simu mfukoni kwa mkono wa kushoto, akaiweka juu ya sufra, akabonyeza kwa kifundo cha kidole. Ikaita kwa sauti, kila mtu akasikia.

"Unampigia nani?" aliuliza Marhoon.

"Khattab!" sauti ilijibu kwa furaha. "Ya akhi, umepotea! Bi Mahbuba hajambo?"

"Hajambo, Yaqdhan. Nisikilize. Yule Justus mliyemhoji, ulimuuliza paa."

"Nimemuuliza mwenyewe. Kakiri, ya akhi, mpaka kukata kakata yeye. Kwani unamjua?"

"Khattab, zima simu," alisema Marhoon kwa sauti ya chini. "Fikiria dada yako. Wewe si umerusha tu?"

Neno hilo lilikuwa la Khattab mwenyewe, na alivyolisikia kutoka mdomo wa mtu mwingine alishangaa jinsi lilivyokuwa dogo.

"Kule kwao paa ni la nyumba, Yaqdhan. Mnyama wanamwita swala. Mrudie, umuulize swala, usikie atakavyokwambia."

Kwenye simu kilisikika kiti kikiburutwa. "La hawla... Sasa yule mnyama nani? Alikuwa na nani mle? Khattab, unayasema haya wewe kama nani?"

Marhoon alikuwa amekwisha kusimama. Loai bado ameketi. Anjelina alikuwa amelishikilia birika tupu kifuani, kwa mikono yote miwili.

"Ami Marhoon alipiga, na droni ilikuwa yangu, picha ninayo, sikuifuta," alisema Khattab. Akamgeukia Anjelina. "Paa la banda, hilo kweli kalibeba Justus. Paa wa mlimani nimemwona mimi. Na mtoto wake nimemwona, wakaniuliza wangapi, nikasema yuko mmoja. Aliyemuua paa yule ni mimi."